Besi Yangu ya Mkono wa Kushoto

Mimi natumia mkono wa kushoto. Nyanya alinichapa mkono huo kwa mwiko mpaka akachoka yeye, na sekondari wasichana waliniita racham. Kwa Dholuo maana yake ni hiyo tu, mtu wa kushoto, lakini wao walilitamka kana kwamba ninaambukiza. Nilizoea. Siandiki haya kuulilia mkono. Naandika habari ya besi yangu, na ya mwanamume aliyejua kila waya ulio ndani yake kwa sababu mimi ndiye niliyemshikia waya hizo akizichomelea.

Besi niliipata soko la Kibuye kwa mzee mmoja aliyekuwa anaacha muziki kwa sababu masikio yake yamechoka. Ilikuwa ya mkono wa kulia. Zote ni za mkono wa kulia. Niliigeuza juu chini, nikazitoa nyuzi na kuzirudisha kwa mpango wangu, ile nene kabisa ikae juu, karibu na kidevu. Lakini kule mwisho wa shingo kuna kijiti chenye mifereji minne ambamo nyuzi hupita, na mifereji hiyo ilikuwa imekatwa kwa mpango wa wengine. Uzi mnene haukuingia, uzi mwembamba ukawa unachezacheza kama mtoto aliyevaa viatu vya babake. Nikachukua mfupa wa mguu wa ng'ombe tuliokuwa tumeunywa supu, nikauchemsha tena, nikaukata kwa msumeno wa chuma na kuupiga tupa mpaka nikapata kijiti changu mwenyewe. Nilitoka malengelenge. Kilipokaa vizuri nilikibusu.

Nikaingia kwenye bendi. Tulikuwa tunapiga kwenye hoteli za samaki kando ya ziwa, kwenye arusi, kwenye sherehe za kufungua maduka. Nilikuwa mwanamke pekee, na watu walikuja kwanza kuona mwanamke wa kushoto anashikaje kitu kile. Sikujali. Wakishakuja wangesikia.

Shida ni kwamba hawakusikia vizuri. Sauti yangu ilikuwa nyembamba. Mpiga solo wetu, ambaye ndiye kiongozi wa bendi, hakunificha.

"Nyar Nyakach," alisema, maana nyar ni binti, huko kwa mama yangu ndiko Nyakach, na wanawake wa Kijaluo tunaitwa kwa tulikotoka, "besi inatakiwa impige mtu tumboni. Hii yako inampiga mtu kwa kope."

"Ni spika."

"Spika ni ile ile tuliyokuwa nayo kabla yako. Hii kitu inalia kama mbu, bana."

Nilibadilisha nyuzi. Nikageuza vifundo vyote. Mbu akabaki mbu.

Jibu nililipata kwenye kamba ya nguo. Tulikuwa tumehamia mtaa wa Obunga, mimi na bwana yangu, chumba kimoja nyuma ya kibanda chake cha kutengeneza redio na amplifaya. Siku hiyo nilikuwa naanika blanketi. Nikaona kamba ukiigonga karibu na nguzo inatetemeka kidogo tu, kwa uchoyo. Ukiigonga kuelekea katikati, blanketi lote linayumba. Nilisimama pale na maji yananidondokea miguuni, halafu nikakimbia ndani.

Besi ina kitu kinachoitwa pikapu. Ndiyo, kama gari, lakini hapa ni kijisanduku cheusi chenye sumaku, nacho ndicho sikio la nyuzi. Yangu ilikuwa vipande viwili visivyokaa mstari mmoja. Kipande kimoja kinasikiliza nyuzi nene, nacho kiliwekwa mbele, upande wa shingo, ambako uzi unayumba kwa upana. Kingine kinasikiliza nyuzi nyembamba, nacho kiliwekwa nyuma karibu na chuma kinachoshika nyuzi, ambako uzi umebanwa. Aliyeiunda alimfikiria mtu wa kulia. Mimi nilipoigeuza, nyuzi zangu nene ziliangukia kile kipande cha nyuma. Miaka yote ile nilikuwa nagonga kamba karibu na nguzo.

Nilimweleza bwana yangu huku mikono imelowa. Alitazama besi, akanitazama mimi, akacheka kile kicheko chake cha puani.

"Kwa hivyo unataka nihamishe masikio."

"La nene lije mbele, la nyembamba lirudi nyuma."

"Itabidi nitoboe mbao. Ukishatoboa, umetoboa."

"Toboa."

Alitoboa kwa patasi, polepole, akipuliza vumbi la mbao kila mara, na mimi nikashika waya akachomelea. Nasema kweli, sikuwahi kumpenda kama siku hiyo. Kisha tukakata kipande cha sponji kwenye kona ya godoro letu, tukakisokomeza chini ya nyuzi karibu na kile chuma, ili sauti isipige kelele ndefu bali idondoke na kukaa kama gunia la mahindi linaposhushwa sakafuni. Tukaiunganisha kwenye spika ya mteja aliyekuwa hajaja kuichukua. Nikagonga uzi mnene.

Vikombe vilisogea kwenye rafu. Jirani yetu, mama anayekaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki baada ya viwanda kuchukua minofu, alipiga kelele kutoka nje: "Ai yawa! Nani huyo anatikisa mafuta yangu?"

Bwana yangu alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye spika, macho amefumba. "Hata meno inasikia," akasema.

Wiki zilizofuata mpiga solo hakutaja mbu tena. Watu walikuwa wanacheza na mkono juu ya tumbo.

Halafu tumbo langu mwenyewe likaja. Mwanzoni nilivumilia. Besi ilikaa juu ya tumbo na mtoto akawa anasikia kila kitu moja kwa moja kupitia mbao. Niligundua nikiugonga mwili wa besi kwa kidole gumba, tok, mtoto anapiga teke. Nikaanza kuiweka hiyo tok ndani ya muziki, mwishoni mwa mzunguko, kabla ya kurudi mwanzo. Wenzangu walidhani ni mtindo. Ilikuwa salamu kati yangu na mtu mmoja ambaye hajazaliwa.

Tumbo lilipozidi, mikono haikufika tena. Hapo ndipo bwana yangu aliposema, "Nifunze kidogo, basi. Tucheze tu." Akaazima gitaa la besi la kanisani kwao. Tulikaa tukitazamana, mimi kwa kushoto, yeye kwa kulia, goti kwa goti. Mtu wa kulia akifundishwa na mtu wa kushoto ni kama anajitazama kwenye kioo. Kila nilichofanya alikiona kimekaa sawasawa. Alishika haraka. Nilimfundisha nyimbo zetu zote. Nilimfundisha mahali pa kuchelewa na mahali pa kunyamaza. Nilimfundisha hata ile tok, nikamwambia na siri yake, tukacheka, akaliwekea sikio tumbo langu.

Nilienda kujifungulia kwa mama yangu, Pap Onditi. Besi niliiacha. Kila alipopiga simu nilimwuliza habari za besi, halafu naye aliuliza habari za tumbo.

"Besi iko wapi?"

"Juu ya kabati. Nimeifunika na shuka."

"Isipate unyevu."

"Nyar Nyakach, iko juu ya kabati. Wewe zaa."

Nikazaa. Msichana. Bwana yangu alikuja na sukari, sabuni na shali ya rangi ya maziwa, akamshika mtoto kama anavyoshika redio iliyofunguliwa. Alipompapasa shavu, mtoto alikunja uso. Nikamshika bwana yangu mkono wa kushoto. Ncha za vidole zilikuwa ngumu, zimechubuka na kupona na kuchubuka tena.

"Vidole vimekuwaje, Baba?"

"Waya za stima. Kazi imekuwa mingi."

Mwenye besi ni mimi. Vidole vile najua vinatoka wapi. Lakini nilikuwa nimetoka kuzaa, nilikuwa na usingizi, na mtu akikuletea shali huchunguzi vidole vyake. Nikamwambia apake mafuta.

Mtoto alipokuwa amekaza shingo, Mama alinituma Awasi kwa dadake, mama yangu mdogo, anayeuza nguo za mtumba sokoni. Mama mdogo alitaka kumwona mjukuu. Nilikuta soko limechangamka kuliko kawaida. Kuna mtu alikuwa anafungua duka la vifaa vya ujenzi, mabati yamepambwa kwa maputo, na bendi imekodiwa. Tulikaa kibandani kwa mama mdogo tukila ndizi. Muziki ulianza upande wa pili wa soko, hatukuwaona wanaopiga.

Niliisikia besi kabla ya kitu kingine chochote. Ilinipiga tumboni.

"Hawa wako na saundi," mama mdogo alisema.

Nilikuwa naisikia sponji ya godoro langu. Huwezi kunieleza hiyo si sponji yangu. Halafu mzunguko ukaisha, na kabla ya kurudi mwanzo: tok.

Mtoto mgongoni mwangu aliamka. Sisemi alijua. Nasema aliamka.

Nilivuka soko nikiwa na ganda la ndizi mkononi, mama mdogo nyuma yangu. Bendi ilikuwa ile ile yangu, imesimama juu ya trela la trekta. Na mahali pangu, kati ya ngoma na solo, alisimama bwana yangu amevaa shati lililopigwa pasi. Shati hilo sikuwa nimelipiga pasi mimi. Besi yangu ameivaa, shingo imeelekea kule shingo za watu wote zinakoelekea. Macho alikuwa amefumba, vile vile alivyokaa sakafuni siku ile.

Kwetu kuna pakruok. Muziki ukiwa katikati, mtu yeyote anaweza kuinua noti, na bendi lazima ishuke chini imsikilize ajisifu, yeye na kwao na anaowapenda. Solo inanyamaza. Sauti zinanyamaza. Kinachobaki ni ngoma kidogo na besi inazunguka polepole chini ya maneno ya mtu. Nilijua hilo kuliko mtu yeyote pale, maana nilikuwa nimewazungukia walevi na waheshimiwa wangapi. Nikamwachia mama mdogo mtoto, nikachomoa noti kwenye leso, nikainua mkono. Wa kushoto.

Mpiga solo aliniona. Uso wake ulikwenda na kurudi. Lakini watu walishageuka kunitazama na desturi ni desturi. Akashusha muziki, mtu akaniletea kipaza sauti. Na besi ikabaki inazunguka chini ya maneno yangu. Yaani bwana yangu, alipofumbua macho, alilazimika kunipigia.

Nilisema kwa Dholuo, na haya ndiyo niliyosema.

"Mimi ni nyar Nyakach. Mimi ni racham niliyeushinda mwiko wa nyanya. Nimezaa juzi na maziwa bado yanavuja."

Watu walipiga vigelegele.

"Hiyo sauti inayowapiga tumboni, mimi ndiye niliyeitafuta, nikaipata kwenye kamba ya nguo. Hiyo sponji ni ya godoro langu. Na huyo anayeipiga ni bwana yangu, baba ya mtoto wangu, na aliniambia besi yangu iko juu ya kabati!"

Soko lilipasuka. Hawakukasirika. Walicheka! Walidhani ni mchezo wa mke na mume, pakruok tamu kuliko zote za siku hiyo.

"Kabati gani hiyo inapanda trela?" mama mmoja anayeuza nyanya alipaza sauti.

"Baba, leo unalala kwa jirani!"

"Muongezee, mama! Muongezee!"

Mpiga solo akachukua kipaza sauti chake, meno yote nje. "Mama ameongea! Mpigieni makofi mama nyathi, mama wa mtoto!" Akataka kuinua muziki tena, mambo yapite.

Nikapanda trela. Nikamnyooshea bwana yangu mkono. "Nipe."

"Si hapa," alisema chini chini. "Tafadhali, Mama."

"Nipe besi yangu."

Watu walishaanza kupiga makofi kwa mpigo, *m-pe, m-pe*, na kiongozi akaona heri anipe kuliko kuharibu sherehe ya mtu. Bwana yangu akaivua. Nikaivaa kwa kushoto, kama nilivyoivaa maisha yangu yote. Ilinikaa begani kama mtu wangu. Ngoma ikanipa mlango, nikaingia.

Ikatoka takataka.

Nilitafuta uzi mnene juu, nikakuta mwembamba. Nilitafuta chini, nikakuta mnene unanguruma mahali usipotakiwa. Mpiga ngoma aliendelea, nikajaribu tena, vidole vinakwenda nyumbani na nyumbani pamehamishwa. Nikaangalia mwisho wa shingo. Kijiti changu cha mfupa hakikuwepo. Kilikuwepo kipya, cheupe, cha plastiki, mifereji imekatwa kwa mpango wa wengine. Nikaangalia mwilini. Masikio ya nyuzi yalikuwa yamerudishwa mahali pa zamani, na mashimo aliyonitobolea kwa patasi yalikuwa yamezibwa kwa vumbi la mbao na gundi, yakapakwa rangi nyeusi, yakapigwa msasa mpaka yakang'aa. Kazi safi. Bwana yangu hafanyi kazi chafu.

Ngoma ilinyamaza.

"Mama, rudi kwa mtoto!" mwanamume mmoja alisema kutoka chini, wala si kwa ubaya, na watu wakacheka tena.

Nilishuka na besi. Hakuna aliyenizuia. Bwana yangu alinifuata mpaka nyuma ya duka, kwenye lundo la mchanga.

"Nilikuwa nakushikia nafasi," alisema.

"Sema tena."

"Walitaka kuleta mtu mwingine kabisa. Nikasema bora ibaki nyumbani. Nilikuwa nakushikia nafasi, wallahi."

Alisema hivyo na macho yake yametulia, na nadhani anaamini. Hilo ndilo linaloniwasha mpaka leo. Mtu anayekushikia nafasi kwenye foleni hajengi nyumba hapo. Angegeuza nyuzi tu, ningesema ni haraka, ni kazi, watu lazima wale. Angeniambia kwa simu, ningemtukana siku moja na kumwelekeza siku ya pili. Lakini alikaa chini akachanganya gundi. Akasubiri ikauke. Akapiga msasa. Akapaka rangi, akasubiri tena. Na kila jioni katikati ya kusubiri huko alinipigia simu akaniambia shuka, akaniambia kabati.

"Kijiti changu kiko wapi?" nilimwuliza.

Hakuelewa. "Kijiti gani?"

"Cha mfupa."

Alifikiri. Alijaribu kwa kweli kukumbuka. "Nilifagia," akasema.

Nilirudi Pap Onditi na mtoto mbele na besi mgongoni. Mama aliniona naingia, akaangalia mzigo, akaangalia uso wangu, akasema, "Nyara, binti yangu, keti unyonyeshe kwanza." Hakuniuliza kitu mpaka mtoto aliposhiba. Na nilipomwambia, alisema kitu kimoja tu: mifupa ya supu iko kwenye sufuria.

Nimechonga kijiti kingine. Si kizuri kama kile cha kwanza. Nimefungua mashimo yangu tena kwa patasi ya fundi kiti wa sokoni, na ile gundi ni ngumu kuliko mbao yenyewe. Inatoka vipande vipande na kubomoa kingo. Nimehamisha masikio ya nyuzi peke yangu. Waya nilichomelea kwa msumari uliopashwa moto jikoni, na vidole vyangu vina alama. Sauti imerudi, nene, lakini chini yake kuna mnong'ono ambao haukuwepo, kitu fulani kinatetemeka ndani na sijajua ni wapi. Nimekata sponji kwenye godoro la Mama.

Halafu nikafanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya hata nilipokuwa naipenda besi hii kwa amani. Mwili wa besi una pembe mbili. Kwa mtu wa kulia ile ndefu ni ya juu, ndiyo inashika mkanda na kuipa besi usawa. Kwangu ikawa chini, inanizuia nisifike nyuzi za mwisho. Niliikata. Niliazima msumeno wa mbao nikaikata yote, nikapiga tupa mahali pake pakawa laini kama goti. Parafujo ya mkanda nimeihamishia upande wangu. Sasa mtu wa kulia akiivaa, shingo itamwangukia miguuni.

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya Mama, unga wa mbao umejaa kwenye gauni, mtoto amelala ndani, simu ikalia. Alikuwa yeye. Aliuliza mtoto anaendeleaje. Nikasema anaendelea. Akauliza Mama. Nikasema yuko. Akakohoa. Akasema kuna arusi Dunga, Jumamosi, watu wakubwa, na kiongozi anauliza.

"Na besi iko wapi?"

Ilikuwa juu ya mapaja yangu. Niliipiga kwa kidole gumba, tok, polepole, nikasikia mtoto anajigeuza ndani.

"Juu ya kabati," nikamwambia. "Nimeifunika na shuka."

Amekula kwa Mama mara nyingi, amelala hapo, amemtengenezea redio. Anajua nyumba hiyo haina kabati.